Modeli ya unyayo yenye ligamenti: kifundo safi, kosa katikati

Nianze na hukumu yangu ili mwenye haraka asihangaike. Modeli hii inazidi nyingine zote nilizowahi kuzishika katika kufundisha kifundo cha mguu na chini ya unyayo. Lakini katikati ya unyayo ina kosa moja la kianatomia ambalo mwalimu hapaswi kuliacha lipite. Ninaitumia katika chumba cha fiziotherapia, kwa wagonjwa na kwa wanafunzi wanaokuja kujifunza kwa vitendo, na yote nitakayoyasema nimeyaona kwa kuikunja na kuikunjua mikononi mwangu.

Ni unyayo wa kulia wa mtu mzima, kwa ukubwa wake halisi, pamoja na theluthi ya chini ya muundi na ya fibula, ule mfupa mwembamba wa upande wa nje. Mifupa ni ya plastiki ngumu. Ligamenti, yaani ile mikanda inayofunga mfupa kwa mfupa, ni vipande vya silikoni: za upande wa nje ni za buluu, za ndani kijani, za chini njano. Kano chache zinazotoka kwenye misuli hubandikwa kwa sumaku na kubanduliwa. Mifupa yote 26 ipo, saba ya nyuma ya unyayo, mitano ya metatasali, ile mirefu iliyo kabla ya vidole, na 14 ya vidole. Nje ya hesabu hiyo vimo pia vile vijifupa viwili vya sesamoidi chini ya kichwa cha metatasali ya kwanza, ambavyo watengenezaji wengi huviacha.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba mtengenezaji hakuigandisha. Modeli za mifupa mitupu, zile zilizoshikizwa kwa waya na gundi, hukuonyesha mpangilio basi. Unyayo una maungio zaidi ya 30, na mengi yake husogea kidogo tu, lakini kusogea huko kidogo ndiko kunakomwezesha mtu kukanyaga jiwe, tope na ngazi bila kuanguka. Ukiyagandisha maungio hayo umefundisha orodha ya majina. Hii inasogea, na katika sehemu nyingi inasogea inavyotakiwa.

Mimi modeli yoyote ya unyayo naipima kwanza kwa talusi, mfupa uliokaa chini ya muundi na juu ya mfupa wa kisigino. Huu ni mfupa wa ajabu: uzito wote wa mwili unapitia kwake, lakini hakuna msuli hata mmoja ulioshikizwa juu yake. Takriban asilimia 60 ya uso wake imefunikwa na gegedu, hivyo mishipa ya damu ina nafasi chache za kuingilia, na ndiyo sababu shingo ya talusi ikivunjika tunahofia sehemu ya mfupa kufa kwa kukosa damu. Juu yake talusi ni pana kwa mbele na nyembamba kwa nyuma. Watengenezaji wengi huichonga sawasawa mbele na nyuma. Huyu hakufanya hivyo. Ukikunja kifundo juu, sehemu ile pana inaingia kati ya muundi na fibula na kubanwa. Kifundo kinatulia, hakiyumbi. Ukinyoosha unyayo chini, sehemu nyembamba ndiyo inayobaki katikati, na mara moja unahisi mchezo wa pembeni. Ninampa mgonjwa ajaribu mwenyewe. Hapo hahitaji maelezo marefu kuhusu kwa nini aliteguka alipokuwa akitua kutoka hewani, au akishuka ngazi vidole vikiwa vimetangulia chini.

Upande wa nje ndio uliofanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Ligamenti tatu zinatoka kwenye ncha ya fibula. Ya mbele inakwenda kwenye talusi, ya kati inashuka hadi mfupa wa kisigino, ya nyuma inarudi tena kwenye talusi. Katika mwili hazilingani nguvu: ya mbele ndiyo dhaifu na ndiyo inayochanika mara nyingi kuliko zote mtu anapoteguka kwa unyayo kugeukia ndani, ya nyuma ndiyo yenye nguvu kuliko wenzake. Mtengenezaji ameheshimu tofauti hiyo. Ya mbele ni bapa, fupi na nyembamba, ya nyuma ni nene na imelala karibu mlalo. Nyoosha unyayo chini, kisha ugeuze ndani, na utaiona ile ya mbele ikikaza kabla ya nyingine. Rudisha kifundo katikati, geuza tena, sasa ile ya kisigino ndiyo inayobeba mzigo. Huu ni mtiririko ambao nilihangaika kuueleza kwa michoro, na hapa mwanafunzi anauona kwa macho yake.

Kuna jambo jingine zuri kuhusu ile ligamenti ya kati. Inavuka maungio mawili, kifundo chenyewe na kile kiungo kilicho chini ya talusi, na inapita chini ya kano za misuli ya fibula. Kano hizo mbili unaweza kuzibandua na kuiona ligamenti imelala chini yake. Mwanafunzi akishaona hivyo huacha kudhani kwamba kila maumivu yaliyo chini ya nundu ya nje ya kifundo yanatoka mahali pamoja.

Wagonjwa huuliza sana kwa nini picha ya eksirei haikuonyesha kitu ilhali mguu umevimba na hawawezi kuukanyagia. Naweka modeli mezani, nawaonyesha plastiki na silikoni: hii ngumu eksirei inaiona, hii laini haioni. Inatosha. Tena nimegundua kwamba mtu akishaiona ligamenti iliyochanika ilivyo, haombi tena mguu uvutwe ili “urudi mahali pake”. Anaelewa kwamba hakuna kilichotoka mahali pake. Kuna kitambaa kilichochanika, na kinahitaji muda, kufungwa vizuri na mazoezi ya kurudisha nguvu na mizani.

Kwa wanafunzi, nimeitia alama kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye sehemu zinazotajwa na kanuni za Ottawa, zile zilizotolewa na Ian Stiell na wenzake nchini Kanada mwaka 1992 ili kupunguza picha za eksirei zisizo za lazima. Kanuni zinamtaka mpimaji aguse ukingo wa nyuma na ncha ya nundu zote mbili za kifundo, sentimita sita za mwisho, na katikati ya unyayo aguse shina la metatasali ya tano, yaani ncha yake ya nyuma, na mfupa wa navikula, ulio mbele ya talusi upande wa ndani. Halafu aangalie kama mgonjwa anaweza kutembea hatua nne. Plastiki ya modeli hii inapokea wino vizuri, na kile kijinundu cha metatasali ya tano kimechomoza inavyopasa. Hapo ndipo kano ya msuli mfupi wa fibula inaposhika, na unyayo ukigeuka ghafla hutokea kipande cha mfupa kung’oka. Mpimaji anayeishia kwenye kifundo bila kushuka hadi pale ataukosa mvunjiko huo.

Upande wa ndani sikuridhika sana. Ligamenti ya deltoidi imewekwa kama pembetatu moja ya kijani, nene kwa haki yake, lakini moja tu. Katika mwili ina sehemu nne. Moja inakwenda kwenye navikula, moja kwenye mfupa wa kisigino, na mbili kwenye talusi, ya mbele na ya nyuma; na ile ya nyuma iliyozama ndani ndiyo yenye nguvu kubwa. Mtengenezaji amechora mistari juu ya silikoni kuashiria mgawanyo huo, ila mistari haimwambii mwanafunzi kuwa kuna tabaka la juu na tabaka la chini. Angalau unene wake unaeleza jambo moja la msingi: upande huu ni imara kiasi kwamba ukivutwa kwa nguvu, mara nyingi kipande cha nundu ya ndani hung’oka kabla ligamenti yenyewe haijakatika.

Mikanda inayoushika muundi na fibula pamoja, juu kidogo ya kifundo, ipo mbele na nyuma. Sina la kulalamika hapo.

Kiungo kilicho chini ya talusi kinafunguka. Sumaku mbili zinaishika talusi juu ya kisigino, ukiiinua unaona nyuso zinazogusana, ule mfereji unaopita kati yao, na vishina vifupi vya silikoni vinavyowakilisha ligamenti iliyofungwa katikati ya mifupa hiyo miwili. Kiungo hiki ndicho kinachogeuza unyayo ndani na nje tunapotembea juu ya ardhi isiyo sawa. Sijui modeli nyingine ya ukubwa huu inayokuruhusu kukifungua na kukifunga bila bisibisi. Tahadhari moja: sumaku ni kali, na plastiki ya pembeni inaweza kumeguka ukiiachia talusi ijirushe yenyewe. Ishushe taratibu.

Sasa twende kwenye ligamenti ninayoipenda kuliko zote mwilini, ile inayotoka kwenye rafu ndogo ya ndani ya mfupa wa kisigino hadi kwenye navikula, chini ya kichwa cha talusi. Kichwa hicho hakikai juu ya mfupa mtupu. Kuna pengo kati ya kisigino na navikula, na ligamenti hii ndiyo sakafu ya pengo hilo. Kwa upande wa juu ina sehemu laini ya gegedu yenye nyuzi, ili kichwa cha talusi kiteleze juu yake bila kuisugua. Chini yake inapita kano ya msuli wa nyuma wa muundi, ambayo inasaidia kuibeba. Kano hiyo ikichoka na kuharibika, mzigo wote unaiangukia ligamenti, nayo taratibu inalegea, kichwa cha talusi kinashuka na kuelekea ndani, na mtu mzima aliyekuwa na upinde mzuri anaanza kuwa na unyayo bapa. Katika modeli hii unabandua kano, unabonyeza talusi kwa kidole gumba, na unaiona navikula ikisogea na upinde ukishuka. Unabandika kano tena, unabonyeza, na upinde unakataa kushuka. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa amechoka kuambiwa kwamba tatizo lake ni viatu tu, aliishika modeli akarudia jambo hilo tena na tena, kisha akaniuliza maswali ya maana kuliko aliyowahi kuniuliza. Mazoezi yake ya kunyanyuka kwa vidole aliyafanya bila kukumbushwa.

Lakini silikoni waliyoitumia pale inavutika mno. Ligamenti halisi ya sehemu hiyo ni tishu ngumu, haivutiki kama mpira ikarudi. Mwanafunzi anayejifunza kwa modeli hii pekee ataondoka akidhani upinde wa unyayo unaning’inia juu ya kitu cha kurukaruka. Ninalazimika kumweleza kila mara, na ningependa toleo lijalo litumie kitambaa kigumu zaidi pale.

Kile kiungo cha kukingama katikati ya unyayo, kinachoitwa kwa jina la mpasuaji Mfaransa François Chopart aliyefariki mwaka 1795, kipo vizuri: talusi na navikula kwa ndani, kisigino na kuboidi, mfupa ulio mbele yake, kwa nje. Ligamenti yake yenye mikono miwili, mmoja kwenda navikula na mwingine kwenda kuboidi, imechongwa kwa ustadi.

Mbele kidogo ya hapo ndipo penye kosa.

Metatasali ya pili haianzi pale wanapoanzia wenzake. Shina lake limerudi nyuma, likaingia katikati ya kuneifomu ya kwanza na ya tatu (kuneifomu ni mifupa mitatu midogo iliyo mbele ya navikula), na huko limebanwa pande zote mbili. Metatasali ya pili hadi ya tano zimefungwa kwenye mashina yao kwa mikanda inayokwenda kutoka mfupa mmoja hadi jirani yake. Kati ya ya kwanza na ya pili hakuna mkanda wa namna hiyo. Badala yake kuna ligamenti nene inayokwenda mshazari, kutoka kuneifomu ya kwanza hadi shina la metatasali ya pili, na inabeba jina la Jacques Lisfranc, mpasuaji mwingine wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1847, ambaye mwaka 1815 alieleza namna ya kukata unyayo kupitia mstari huo wa maungio. Ligamenti hiyo ikichanika, sehemu nzima ya mbele ya unyayo inapoteza nanga yake.

Modeli hii haina ligamenti ya mshazari. Ina mkanda wa moja kwa moja kati ya metatasali ya kwanza na ya pili, mahali ambapo mwili hauna kitu. Mtengenezaji ameirudia tu ile mikanda ya jirani hadi mwisho wa safu, bila kufungua kitabu cha anatomia.

Nalikemea kosa hili kwa sababu jeraha lenyewe ni la hatari kwa ukimya wake. Mtu anajikwaa, au anaangukiwa na mwenzake kisigino kikiwa juu, unyayo unavimba katikati, picha iliyopigwa akiwa amelala haionyeshi chochote, na anaambiwa ni kuteguka kwa kawaida. Daktari au mtaalamu anayejua mahali ilipo ligamenti ya Lisfranc atabonyeza pale, atageuza unyayo atazame kama damu imevilia chini yake, na ataomba picha mgonjwa akiwa amesimama kwa miguu yote miwili, ili pengo kati ya mifupa lionekane na lilinganishwe na la mguu mwingine. Aliyefundishwa kwa mkanda wa uongo hatajua kwa nini pengo litokee pale. Kijana mmoja mcheza mpira alifika kwangu baada ya kuzungushwa kwa muda mrefu na jeraha la namna hii, na upinde wake ulikuwa umeshaanza kulala. Nikimkumbuka, siwezi kuliita kosa dogo.

Nimeurekebisha mwenyewe. Nilikata ule mkanda kwa wembe, nikausugua mfupa kwa msasa laini, kisha nikatoboa vitundu viwili, kimoja kwenye kuneifomu ya kwanza na kingine kwenye shina la metatasali ya pili, nikapitisha uzi mnene wa kushonea viatu na kuufunga kwa gundi. Sasa ukiuvuta unyayo wa mbele upande wa nje, uzi unakaza. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwa adabu kwamba ataufikisha ujumbe kiwandani. Sijaona toleo jipya.

Chini ya unyayo furaha yangu inarudi. Kuna tabaka tatu, na zote zinatoka moja baada ya nyingine. La juu kabisa ni aponeurosi, ule utando mnene unaotoka kisiginoni hadi kwenye vidole, unaoshikizwa kwa ndoana ndogo. Ukiufungua unaikuta ligamenti ndefu ya chini, inayotoka kwenye kisigino, inashika kuboidi na kuendelea hadi mashina ya metatasali za katikati, na njiani inaufunika mfereji wa kuboidi ili kano ya msuli mrefu wa fibula ipite chini kwa chini kuelekea upande wa pili wa unyayo. Kano hiyo imewekwa, na kweli inateleza ndani ya mfereji. Chini ya hapo ipo ligamenti fupi, pana na ngumu, kati ya kisigino na kuboidi.

Rudisha aponeurosi, kisha kunja kidole gumba kuelekea juu. Utando unajizungusha chini ya kichwa cha metatasali kama kamba ya kisima kwenye roda, kisigino na mbele ya unyayo vinavutwa pamoja, na upinde unanyanyuka wenyewe bila msuli wowote kufanya kazi. J. H. Hicks alieleza utaratibu huu mwaka 1954, na hadi leo ndio tunaoutegemea kueleza jinsi unyayo unavyogeuka kuwa mgumu pale kisigino kinapoachana na ardhi. Nimewaonyesha hivi wengi wenye maumivu ya kisigino ya hatua za kwanza za asubuhi. Wanaelewa kwa nini nawapa zoezi la kuvuta kidole gumba juu kabla ya kushuka kitandani, na kwa nini maumivu yao yanaongezeka wanaponyanyuka kwa vidole. Kwa sehemu hii pekee ningeinunua tena.

Vidole havikupewa uangalifu. Vimeunganishwa kwa uzi wa lastiki, kwa hiyo maungio ya katikati ya vidole yanayumba kushoto na kulia, ilhali katika mwili ni bawaba, yanakunja na kukunjua tu, yakizuiwa na ligamenti za pembeni. Utando mgumu ulio chini ya maungio ya mashina ya vidole haupo, isipokuwa kwenye kidole gumba ambako umechorwa kuzunguka sesamoidi. Anayetaka kufundisha kuhusu kidole gumba kilichopinda kuelekea wenzake atafute modeli nyingine.

Kuhusu uimara, silikoni inavuta vumbi na ile ya njano imeanza kufifia kwa sababu niliiweka karibu na dirisha. Ninaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo.  Namba zimechapwa kwenye mifupa tu, si kwenye ligamenti, jambo la kushangaza kwa bidhaa inayouzwa kwa ajili ya ligamenti. Kijitabu kina picha nzuri za mifupa na ukurasa mmoja tu wa ligamenti.

Pia mwanafunzi ajue kwamba mwilini hakuna rangi hizi wala mipaka hii. Ile ligamenti ya mbele ya upande wa nje, kwa mfano, ni unene wa mfuko wa kiungo chenyewe, huwezi kuutenganisha kwa urahisi hivyo kwa kisu, wakati ile inayokwenda kisiginoni imesimama peke yake. Aliyepata nafasi ya kuhudhuria upasuaji wa maiti chuoni asiiache kwa sababu ana modeli mezani.

Naipendekeza kwa wanaotibu kifundo, kisigino na upinde wa unyayo, na kwa walimu walio tayari kuifanyia marekebisho. Kwa mwanafunzi anayejisomea peke yake bila mtu wa kumsahihisha, siipendekezi katika hali yake ya sasa. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akutumie picha ya juu ya unyayo, karibu kabisa na mashina ya metatasali ya kwanza na ya pili. Ukiona mkanda wa njano umevuka moja kwa moja kati yake, ni toleo hilihili. Mwulize kama kiwanda kimeshatoa lenye mshazari, na kama bado, andaa uzi na gundi.